Dakika Sabini na Moja

Simu ilipotimiza dakika ya arobaini, mke wa Opereta aliweka pasi pembeni na kumgeukia mumewe kwa jicho lake moja lililobaki zima. Jicho hilo moja lilitosha. Wateja wake, waliomletea nguo za kupunguza na kuongeza, walisema linaona mara mbili ili kufidia la mwenzake, na Opereta angeweza kuapa kwamba ni kweli.

"Ni nani?" akauliza kwa midomo tu, bila sauti.

Opereta akainua kidole, kama hakimu anayeomba utulivu mahakamani. "Ndiyo, binti yangu," akaiambia simu. "Nakusikiliza. Sikatai kukusikiliza. Nakataa kununua. Hayo ni mambo mawili."

Upande wa pili haukukubali kwamba ni mambo mawili.

Yule binti alikuwa amejitambulisha kama "mshauri wako binafsi", na alianza kwa kumpongeza. Namba yake, eti, ilikuwa imechaguliwa kati ya maelfu kujiunga na Klabu ya Maisha Mema, ambayo wanachama wake hupata punguzo kwenye hoteli zenye mabwawa ya kuogelea, kwenye tiketi za ndege na kwenye kumbi za mazoezi. Opereta hakuwahi kupanda ndege. Bwawa alilolijua ni lile linalojitengeneza mbele ya mlango wake kila mvua inyeshapo, na hilo huingia bure. Mazoezi yake yalikuwa kumtafutia mkewe sindano zilizoanguka. Alimweleza Mshauri yote haya kwa adabu, moja baada ya jingine. Mshauri akacheka cheko tamu, akasema, "Baba yangu, una utani wewe!" kisha akaanza upya kwenye hoteli.

Mtu mwingine yeyote angekata. Binti yao, ambaye ni msusi, hukata simu za namna hiyo kabla mpigaji hajamaliza salamu. Lakini Opereta hakuitwa Opereta kwa mapambo. Alikaa miaka thelathini na mmoja kwenye chumba cha simu cha hospitali kuu, vifaa vya kusikilizia masikioni, akiunganisha mji mzima na wodi, maabara na chumba cha maiti. Siku ya kwanza kazini alifundishwa sheria moja: anayepiga ndiye anayekata. Hujui ni nani yuko upande wa pili. Huenda ni mama anamtafuta mwanawe aliyegongwa na gari, analia kwanza ndipo aseme jina. Ukimkata, umemkata kweli. Alistaafu akiwa na saa ya ukutani, maumivu ya mgongo na sheria hiyo, na katika vitu hivyo vitatu ni saa tu iliyoharibika.

Dakika ya hamsini na tano, Mshauri alishusha sauti.

"Baba, nikwambie ukweli? Tangu asubuhi sijapata mwanachama hata mmoja." Akavuta pumzi ndefu iliyokatika katikati, kama ya mtoto aliyetoka kulia. "Nisipopata leo, kesho naambiwa nisije. Mwezi wa kwanza ni bure, baba. Hutoi hata senti. Nipe tu jina niandike, nami nipate kula."

"Kata!" mkewe akasema, safari hii kwa sauti yote. "Kata hiyo simu! Mtu akimaliza saa nzima anakubembeleza, ujue hakuletei heri!"

Opereta akafunika simu kwa kiganja. "Analia."

"Mwache alie. Simu ni yake, machozi ni yake."

Ilipofika dakika ya sabini, Opereta alichoka kukataa kuliko Mshauri alivyochoka kubembeleza. "Sawa, binti yangu," akasema. "Andika basi."

Papo hapo ukaingia ujumbe wenye tarakimu sita. Mshauri akamwomba amsomee, ili tu athibitishe jina. Na hapo ndipo mzee wa watu alipojimaliza mwenyewe, kwa sababu kusoma namba kwenye simu ndiyo ilikuwa fani yake. Alivaa miwani. Alikohoa kidogo. Akazisoma moja moja, kila namba imesimama peke yake, kwa sauti ile ambayo madaktari walikuwa wakiisifu kwamba hata mtu akiwa chini ya dawa ya usingizi angeisikia. Mshauri akashukuru. Kisha akafanya jambo ambalo hakulifanya kwa dakika sabini na moja: alikata.

"Umenunua nini?" mkewe akauliza.

"Sijanunua. Nimemsaidia."

"Umemsaidia na nini?"

"Jina."

"Mwenzangu, mimi ninaitwa mke wako mwaka wa thelathini na nane huu, na sijaona punguzo lolote." Akachukua pasi yake, ikawa imeshapoa.

* * *

Mwezi ulipita. Alhamisi moja asubuhi wakasimama wote wawili mbele ya dirisha la malipo la hospitali ileile kuu, yeye amevaa shati la kazini la zamani na mkewe amemshika kiwiko upande wa kulia, upande asioona.

Jicho hilo la kulia la mkewe lilikuwa limefunikwa na mtoto wa jicho, na la kushoto nalo lilikuwa limeanza kuleta ukungu. Hivi karibuni alishona mkono wa kulia wa shati la mteja upande wa kushoto, mteja akacheka, yeye hakucheka. Daktari wa macho huja mara mbili tu kwa mwaka. Jina la mke wa Opereta lilikuwa limepangwa Jumatatu, kwa sharti kwamba malipo, laki mbili, yawe yameingia kabla ya Ijumaa saa sita mchana. Zaidi ya hapo jina hufutwa, nafasi hupewa wa nyuma yako, na wewe unangoja nusu mwaka. Kwa jicho la mshonaji, nusu mwaka ni mbali.

Pesa walikuwa nazo. Zilikuwa kwenye simu ya Opereta, ambako pensheni yake huingia: laki mbili na elfu tano za nauli.

"Salio halitoshi, mzee," alisema mpokea malipo kupitia kitundu cha kioo.

"Jaribu tena, binti."

"Nimejaribu mara tatu. Mashine haina chuki na wewe."

Mtu nyuma yao akaguna. Mwingine akasema wengine wanaumwa kweli, wengine wamekuja kupunga upepo. Mpokea malipo, ambaye hakuwa amezaliwa wakati Opereta anaanza kazi kwenye jengo lile, akapunga mkono kama anayefukuza nzi. "Sogea pembeni ukahesabu vizuri, mzee. Wenzako wanasubiri."

Opereta akasogea. Akafungua ujumbe uliokuwa umeingia jana jioni, ambao hakuusoma kwa sababu ulianza na neno "Hongera", na yeye hakukumbuka kufanya jambo la kupongezwa.

*Hongera! Uanachama wako wa DHAHABU umehuishwa kwa mwaka mmoja. Ada: 120,000. Furahia Maisha Mema!*

"Kuna nini?" mkewe akauliza.

"Mtandao."

"Mtandao gani unaomtoa mtu jasho shingoni?"

Akampa simu. Mkewe akaisogeza karibu na jicho zima mpaka ikakaribia kugusa kope, akasoma polepole, herufi kwa herufi, watu wakipita na kuwakanyaga. Alipomaliza hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Dhahabu," akasema. "Tangu unioe hujaninunulia dhahabu hata ya kuziba tundu la sikio. Leo umejinunulia mwenyewe."

* * *

Msusi alifika kwao mchana, mikono ikinukia mafuta ya nywele, akanyakua simu kabla hajakaa. Namba ya Mshauri haikupatikana. Ile iliyokuwa chini ya ujumbe ilipatikana vizuri sana: sauti iliyorekodiwa ilisema simu yako ni ya thamani kwetu, ukapigwa muziki, kisha sauti ikasema ukitaka kujitoa bonyeza tisa. Msusi akabonyeza tisa. Sauti ikasema simu yako ni ya thamani kwetu.

"Ni ya thamani kweli," msusi akasema baada ya mzunguko wa nne. "Imeshamaliza salio langu lote." Akaitupa simu kwenye kochi. "Baba, si ungekata tu? Kukata simu si kuua mtu."

Opereta alikuwa amekaa kwenye kiti cha mbao, anayatazama magoti yake. Wangekopa? Kodi ya chumba cha kusukia ilikuwa imemkausha msusi juzi tu. Jamaa waliokuwa na pesa walikuwa wameshaombwa kwa ajili ya hilohilo jicho, na aliyekwisha kukuchangia ukimrudia na habari ya mabwawa ya kuogelea, atakucheka kwanza ndipo akunyime.

"Kulikuwa na kengele," Opereta akasema ghafla.

"Kengele gani?"

"Nyuma yake. Kila baada ya dakika chache kengele inalia, watu wanapiga makofi. Na nje ya dirisha, chini, kipaza sauti. Godoro futi tano kwa sita, mto bure, njoo na usafiri wako."

"Baba, magodoro yanauzwa kila kona."

"Kipaza sauti kinachokwaruza kwenye neno 'mto' ni kimoja. Duka la karibu na stendi ya mabasi." Macho ameyafumba sasa, kama anarudi ndani ya ile simu. "Na sauti ilikuwa inapanda kutoka chini. Si ghorofa ya kwanza, ingekuwa kali zaidi. Ya tatu."

Mama na binti wakatazamana.

"Mtu mwenye masikio kama hayo," mkewe akasema, "alishindwaje kunisikia mimi niliyekuwa hatua mbili nikisema kata?"

Msusi akacheka mpaka akashika ubavu, kisha akaona aibu, akaacha. Kesho asubuhi alikuwa na vichwa vitatu vya kusuka, na kila kichwa kilikuwa kimeshalipa nusu. Asingeweza kuwasindikiza.

"Nani amekuomba?" mama yake akasema. "Naenda mimi na mwanachama wangu. Jicho ni langu."

* * *

Ijumaa saa nne walikuwa wanapanda ngazi. Chini yao kipaza sauti kilikuwa kinawaita watu kwenye magodoro na kukwaruza palepale pa kukwaruza. Ghorofa ya tatu palikuwa na mlango wa bluu usio na kibao.

Ndani kulikuwa na vijana kama thelathini, wamebanwa kwenye vimeza vilivyotengwa kwa mbao laini, kila mmoja na vifaa vya kusikilizia kichwani, wote wakiongea kwa wakati mmoja kwa upole wa kutisha. Madirisha yalikuwa yamebandikwa magazeti. Ukutani kulikuwa na kengele na ubao wa majina ya utani yenye vijistari. Hakuna aliyewauliza wanataka nini. Tangu ofisi ile ifunguliwe haikuwahi kutokea mteja akaingia kwa miguu yake, kwa hiyo walidhaniwa ni wazazi wa mtu.

"Mmemletea nani chakula?" aliuliza kijana aliyekuwa akizunguka katikati ya meza. Katika chumba kizima ni yeye tu aliyevaa tai.

"Tumekuja kuchukua jicho," mke wa Opereta akajibu.

Tai alihitaji kuelezwa mara mbili. Alipoelewa, uso wake haukubadilika hata kidogo, na hilo ndilo lililomuudhi Opereta kuliko matusi. Alitegemea kumkuta mtu anayeshtuka. Alimkuta mtu aliyezoea.

"Hakuna shida, mzee wangu. Kila kitu kimerekodiwa." Akainamia kompyuta, akabonyeza, na spika iliyokuwa juu ya kabati ikakohoa. Chumba kizima kikaisikia sauti ya Opereta: *Sawa, binti yangu. Andika basi.* Kisha zikafuata namba. *Sita. Mbili. Tisa…* Moja moja, kwa heshima, kama anayetangaza msiba.

Kwenye meza za mbele wakaanza kucheka. Kijana mmoja akafunika kipaza sauti chake, akaiga: "Siiita. Mbiiili." Wa jirani yake akainamia meza, mabega yanatetemeka. Masikio ya Opereta yakawaka moto. Miaka thelathini na mmoja sauti ile iliwatuliza watu waliofiwa. Haikuwahi kuchekwa.

"Hiyo ni sauti yako?" Tai akauliza.

"Ni yangu."

"Kwa hiyo ulikubali."

"Niwekee kuanzia mwanzo."

"Mwanzo wa nini?"

"Wa mazungumzo. Ni dakika sabini na moja. Umeniwekea moja. Zile sabini nilizokuwa nikisema hapana umezipeleka wapi?"

"Mzee, tunaangalia mtu alivyomaliza."

"Ukimkaba mtu koo kwa saa nzima," mke wa Opereta akasema, "lazima amalize kwa kutikisa kichwa."

Tai akatabasamu, tabasamu la mtu aliyelipwa atabasamu. "Ada hairudishwi, mama. Iko kwenye kanuni. Ila kwa kuwa mmejisumbua kuja, naweza kuwapa pointi. Pointi mia tano. Mnalala hotelini usiku mmoja, katikati ya juma, kifungua kinywa mnajitegemea."

"Nikalale hotelini nitazame nini?"

Tai akasema anampigia bosi, wangoje pale, wasiguse kitu. Akageukia ukutani na simu yake.

Opereta aliinamisha kichwa, na alipoinamisha ndipo alipoiona karatasi. Ilikuwa imegandishwa kwenye meza iliyokuwa mbele yake, chini ya nailoni, imechafuka kwa vidole. Akavaa miwani, akasoma:

*AKISEMA HANA PESA: Mwezi wa kwanza ni bure.*
*AKISEMA ATAMUULIZA MKE: Muulize nani mkubwa nyumbani kwake.*
*MTEJA MZEE: Mwite baba. Vuta pumzi. Sema tangu asubuhi hujapata mwanachama.*

Akairudia mistari ya mwisho. Hata pumzi. Hata ile pumzi iliyokatika katikati, ambayo alikaa nayo mwezi mzima akijisemea kwamba angalau mtoto wa watu alikula siku ile, ilikuwa imeandikwa na mtu, ikapigwa chapa, ikagandishwa mezani.

Binti aliyekaa kwenye meza hiyo alikuwa amevua vifaa vyake vya kusikilizia. Alikuwa mwembamba, sweta limetoboka kiwiko, na jina lake la utani ubaoni lilikuwa na kijistari kimoja tu.

"Baba," akasema kwa sauti ya chini. "Samahani."

Ilikuwa sauti ileile. Opereta angeitambua katikati ya soko.

"Usiniite baba," akamwambia. "Hilo limeandikwa hapa."

Binti akaitazama karatasi kana kwamba ndiyo kwanza anaiona. Akainuka, akapita katikati yao haraka, uso kauficha kwenye mkono wa sweta, akaelekea mlango wa choo.

"Wewe!" Tai akapaza sauti kutoka ukutani, simu ingali sikioni. "Dakika zako za choo zimeisha!"

Mlango ukafungwa. Kiti kikabaki kitupu. Vifaa vya kusikilizia vikabaki mezani, na ndani yake kikasikika kisauti chembamba kama cha mbu: "Halo? … Halo? Nani?"

Mashine za ofisi ile hazikungoja mtu. Simu moja ikiisha, kompyuta ilipiga nyingine yenyewe, ili kijana asipate nafasi ya kumeza mate. Na sasa upande wa pili kulikuwa na mtu anayeita na haitikiwi.

Opereta hakukaa na kupanga. Baadaye mkewe alipenda kudai kwamba mumewe alipanga, lakini ukweli ni kwamba mtu aliita, na yeye akaketi. Akavaa vile vifaa, akakinyoosha kile kipaza sauti kwa vidole viwili mpaka kikakaa usawa wa mdomo.

"Habari za asubuhi," akasema. "Nakusikia."

"Nani wewe?" Mwanamume, sauti ya kukwaruza, nyundo zinagonga nyuma yake. Gereji.

"Umepigiwa simu na Klabu ya Maisha Mema. Wanataka kukuuzia uanachama. Mwezi wa kwanza ni bure, wa pili wanachukua ada ya mwaka mzima bila kukuuliza."

Nyundo zikanyamaza. "Hao walishanichukulia! Mwezi uliopita! Nimewatafuta mpaka nimechoka, simu inapiga muziki tu!"

"Wako ghorofa ya tatu, juu ya duka la magodoro, karibu na stendi ya mabasi. Mlango wa bluu. Kiongozi wao amevaa tai. Una swali lingine?"

"Sina," sauti ikasema. "Nakuja."

Akakata. Kompyuta ikampigia mwanamke. Ilionekana meza ile ilikuwa ya wanachama wa zamani, wale wa kukamuliwa mara ya pili, maana watatu wa kwanza wote walikuwa wameshang'atwa, na wa nne alikuwa hajajua kama ameng'atwa. Opereta akasubiri kwa subira wakati huyo wa nne anaangalia salio lake. Alisikia ukelele. Akampa anwani.

Alikuwa kwenye ya tano Tai alipogeuka kutoka ukutani na kugundua kwamba sauti aliyokuwa anaisikia, nzito, safi, isiyo na haraka, haikuwa ya mfanyakazi wake.

"We mzee! Toka hapo!" Akaruka, mkono mbele.

Mke wa Opereta akajisogeza katikati, mkoba wake wa nguo kifuani. "Mguse uone," akasema. "Mimi upande huu sioni. Mkono wangu unaweza kutua popote."

Tai akasimama. Vijana thelathini walikuwa wameacha kuongea, na wateja thelathini kwenye masikio yao wakaanza kukata mmoja mmoja. "Zimeni mashine!" akafoka.

"Ukizima zinazimika zote," akajibu mmoja wa nyuma, yuleyule mwigizaji wa namba, na safari hii alikuwa anacheka upande mwingine. "Na ukizima tunalipwa vipi leo?"

"Ndiyo, mama," Opereta alikuwa anasema. "Ya tatu. Ngazi ni kali, panda taratibu."

Tai akarudisha simu sikioni. Chumba kilikuwa kimya kiasi kwamba walimsikia bosi naye, kisauti chembamba kikiuliza swali moja tu: wameshapewa anwani wangapi?

"Kumi na moja," Tai akajibu. Akasikiliza. "Sawa, bosi."

Haikupita dakika mbili simu ya Opereta ikalia mfukoni. Akaitoa bila kuvua vifaa. Akasoma kimya, kisha kwa sauti. "Laki moja na elfu kumi. Mmechukua laki na ishirini."

"Elfu kumi ni ada ya kujitoa. Iko kwenye kanuni, mzee, wallahi hiyo siwezi…"

"Habari za asubuhi," Opereta akakiambia kipaza sauti. "Umepigiwa simu na Klabu ya…"

Tai akatoa simu yake mwenyewe. Akatuma elfu kumi kutoka kwenye mshahara wake, kwa uso wa mtu anayeng'olewa jino bila ganzi. Simu ya Opereta ikalia tena. Akasoma, akaitikia kwa kichwa, kisha akamalizia kumpa yule wa kumi na mbili anwani, kwa sababu mtu huyo alikuwa ameanza kuandika na haikuwa adabu kumwachia njiani.

Alipoinuka, mlango wa choo ulikuwa umefunguka kidogo. Binti alikuwa amesimama hapo, macho mekundu, anautazama mkoba wake uliobaki chini ya meza. Opereta akauokota, akampelekea. Hakusema samahani wala nimekusamehe. Alisema, "Nje kuna joto, lakini kuna hewa." Binti akaupokea mkoba. Kama alitoka siku ile au alirudi kwenye kile kiti, hawakukaa kuona.

* * *

Hawakuwa wamefika ghorofa ya pili walipolazimika kujibana ukutani. Mtu mwenye ovaroli nyeusi kwa grisi alikuwa anapanda ngazi mbili mbili. Nyuma yake mwanamke aliyebeba mtoto mgongoni, nyuma ya mwanamke huyo, mzee mwenzao mwenye fimbo, na wengine ambao Opereta aliwasikia kabla hajawaona.

"Mzee, ndipo hapa?" mwenye ovaroli akauliza, pumzi zinamkimbia. "Juu ya magodoro?"

"Ndipo. Mlango wa bluu. Watakuwekea uisikilize sauti yako inavyomaliza. Wewe waambie waanzie mwanzo."

"Mimi sikuja kusikiliza," akasema yule, na kupita.

Mke wa Opereta alikuwa amegeuza shingo, jicho zima limeelekea juu, lakini ngazi ilikuwa na giza na ukungu ulikuwa pale. "Wako wangapi?"

"Saba. Wanane. Kuna mwingine anafunga baiskeli pale chini."

"Na saa?"

"Tano na robo."

Juu yao ngumi zilianza kugonga mlango, na mtu akaita kwa sauti ambayo haikuhitaji simu. Opereta akasita. Kwa mara ya kwanza katika miaka mingi alikuwa na hamu ya kusikia mazungumzo ya watu wengine mpaka mwisho.

Mkewe akamvuta kiwiko. "Twende hospitali, dirishani, wasije wakafunga. Hayo utanisimulia," akasema, akitafuta ngazi inayofuata kwa ncha ya kiatu. "Kuanzia Jumatatu najionea mwenyewe."